Wewe Mwenyewe, Mzee, Unaonaje?

Mapema mwaka 1987 mashahidi wawili wasiofanana kwa lolote walisimama katika Mahakama Kuu ya Nairobi kwa ajili ya kesi moja. Mmoja alikuwa mchimba makaburi, Albert Ong'ang'o. Aliieleza mahakama kwamba marehemu alikwisha kumwagiza: akifa, yeye ndiye amchimbie kaburi, kando ya kaburi la baba yake. Mwingine alikuwa profesa wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka. Huyu aliitwa kama mjuzi wa mila za Wajaluo.

Kilichogombewa ni maiti. Silvano Melea Otieno, wakili wa kesi za jinai aliyejulikana jijini kwa herufi mbili tu, S.M., alifariki dunia tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager, ukiwa na Joash Ochieng' Ougo, ndugu wa marehemu, ulisema mwana wao hazikwi ugenini. Atazikwa Nyalgunga, Siaya, kwa baba yake. Siku 154 zilipita tangu S.M. akate roho hadi alipofukiwa, na muda wote huo nchi nzima ilikuwa ikimjadili yeye, mke wake, ukoo wake na mizimu yake.

Wengi wanaikumbuka kesi ile kama vita vya mke na ukoo, au vya Wakikuyu na Wajaluo. Kwa anayefuatilia falsafa, kuna jambo jingine lililopita kimya. Huyu profesa alikuwa ametumia zaidi ya miaka kumi akizunguka vijijini kuwauliza wazee swali moja: sawa, watu wako wanasema hivyo, lakini wewe mwenyewe, mzee, unaonaje? Pale kizimbani mambo yaligeuka. Yeye ndiye aliyeulizwa, na alichoulizwa ni kile kile alichokuwa akikikwepa: Wajaluo wanasemaje?

Odera Oruka alizaliwa Ugenya, Nyanza, tarehe 1 Juni 1944. Kama vijana wengi wenye bongo wa kizazi cha uhuru, alikwenda ng'ambo kusoma. Kule Uppsala, Sweden, sayansi ilikuwa miongoni mwa masomo yake, pamoja na elimu ya hali ya hewa, lakini falsafa ikamnasa. Mwalimu wake, Ingemar Hedenius, alikuwa ameitikisa Sweden tangu mwaka 1949 kwa kitabu kilichoyapima mafundisho ya Kikristo kwa mizani ya akili na kuyaona yamepelea. Mtu aliyepitia mikono ya mwalimu wa namna hiyo haridhiki kirahisi na jibu la "ndivyo tulivyokuta". Baada ya Uppsala, na kipindi katika Chuo Kikuu cha Wayne State huko Detroit, alirudi Nairobi mwaka 1970 kufundisha.

Alikuta falsafa imepanga chumba katika nyumba ya dini. Idara ilikuwa moja, Falsafa na Masomo ya Dini, na mkuu wake alikuwa Stephen Neill, askofu wa Kianglikana aliyewahi kuhudumu India. Oruka hakuja kuwa mpangaji. Alipigania falsafa ipate idara yake yenyewe, na mwaka 1980 ikapatikana, naye akawa mwenyekiti wake. Aliyewahi kukaa kwenye vikao vya chuo, akasubiri kumbukumbu za kikao kilichopita zithibitishwe kabla jambo la maana halijaguswa, ataielewa miaka hiyo kumi bila kuelezwa.

Katikati ya vikao hivyo moto ulikuwa ukiwaka kwingine, na uliwashwa na swali ambalo leo linaonekana la ajabu: je, Mwafrika ana falsafa?

Mwaka 1945 padri wa Kibelgiji, Placide Tempels, aliyeishi kwa Waluba wa Katanga, alichapisha kitabu akisema Wabantu wanayo, na kiini chake ni nguvu ya uhai. Wengi walifurahi. Hatimaye Mzungu amekiri! Walioendelea kusoma walikuta sharti. Wabantu wanayo falsafa, alisema Tempels, ila wao wenyewe hawawezi kuieleza kwa mpango. Ni kazi ya mgeni kuwaelezea. Ni kama mtu akusifie mapishi yako, kisha akaongeza kwamba hujui ulichotia chunguni.

Mwaka 1969 Mkenya John Mbiti naye akatoa kitabu chake maarufu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Humo alidai kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati una sehemu mbili, na akaziita kwa Kiswahili: Sasa na Zamani. Mambo ya mbele sana, alisema, karibu hayapo katika fikra hiyo. Mbiti alianzia kwenye lugha za Kikamba na Kikuyu, na huenda huko alikuwa na hoja. Lakini kuazima maneno ya Kiswahili kwa kazi hiyo kulikuwa na kejeli yake. Mswahili ana kesho, ana keshokutwa, ana mtondo, na bado ana mtondogoo. Wakopeshaji wa mitaani hawajawahi kulalamika kwamba wateja wao hawana wakati ujao. Wanalalamika kwamba wanao mwingi mno.

Oruka alikuwa na ugomvi na mtindo huo mzima wa kuandika. Katika mkutano uliofanyika Accra mwaka 1978 alizigawa njia za falsafa ya Afrika katika makundi manne, na la kwanza lilikuwa hili la kulichukua kabila zima kana kwamba ni kichwa kimoja. Wajaluo wanaamini, Wakamba wanafikiri, Wabantu wanaona. Kabila halifikiri. Anayefikiri ni Akinyi, Wanjiku au Barasa, kila mmoja na kichwa chake, na mara nyingi hawapatani hata wakiwa wamekaa jiko moja.

Upande wa pili walisimama wasomi kama Paulin Hountondji wa Benin, waliosema falsafa ni maandishi: pasipo maandishi yanayobishaniwa, hakuna falsafa, kuna masimulizi tu. Hapo pia Oruka alikataa. Sokrates hakuandika hata ukurasa mmoja. Alikaa sokoni akauliza watu maswali, na mwanafunzi wake ndiye aliyeandika. Kama Ugiriki ilikuwa na mtu wa namna hiyo, kwa nini Ugenya au Meru isiwe naye?

Basi mwaka 1974 kazi ikaanza. Yeye na wenzake walikwenda vijijini kuwatafuta wazee ambao jirani zao waliwataja kuwa watu wenye busara, wakawahoji kwa lugha zao, na baadaye mazungumzo yakatafsiriwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kitabu kilichotoka mwaka 1990 kuhusu falsafa ya wenye hekima, ambacho hadi leo hakikosekani katika orodha za kusomwa kwenye madarasa ya falsafa ya Afrika.

Jambo kubwa la kitabu hicho ni chekecheo lake. Oruka hakukubali kwamba kila mzee aliyetajwa kijijini ni mwanafalsafa. Wapo wazee, alisema, ambao ni maktaba. Wanajua methali, nasaba, miiko, dawa, wanajua nani aoe wapi na maiti ilazwe upande gani. Wanaheshimika, na wanastahili. Lakini ukimuuliza mmoja wao kwa nini mwiko huu upo, atakujibu kwamba wahenga walisema, na ukimsukuma zaidi ataona unamkosea adabu. Huyo ni mwenye busara ya jamii. Wa pili ni yule ambaye ukimuuliza kwa nini, ananyamaza kidogo. Anakuambia watu wa hapa wanaamini hivi, kisha anasema yeye anaona wamekosea, na anatoa sababu. Huyo ndiye Oruka aliyekuwa akimtafuta.

Kwa chekecheo hicho hata majina makubwa yalipita chini. Ogotemmêli, mzee kipofu wa Wadogon wa Mali aliyemsimulia Mfaransa Marcel Griaule siri za uumbaji kwa siku 33 mwaka 1946, Oruka alimweka kundi la kwanza. Alisimulia kwa ufundi, lakini alisimulia ya watu wake. Sisi wa Kiswahili tumezoea kusema kuishi kwingi ni kuona mengi. Oruka angeuliza: kuona, sawa, na kufikiri je?

Mfano mzuri zaidi wa kundi la pili ni Mjaluo mmoja, Paul Mbuya Akoko, na inafaa kutulia kwake kidogo.

Ikumbukwe hali ya siku zile. Serikali ya Kenya ilikuwa imetoa Waraka Namba 10 wa mwaka 1965 kuhusu ujamaa wa Kiafrika. Kusini ya mpaka Mwalimu Nyerere alikuwa ameandika kuhusu Ujamaa tangu 1962, akieleza jamii ya jadi ambamo kila mtu alimjali mwenzake. Majukwaani ilikuwa wimbo: babu zetu waligawana vyote kwa ukarimu. Alipoulizwa Mbuya juu ya hilo, hakuimba. Alisema ukiita maisha ya zamani ya Wajaluo ujamaa, usielewe kwamba watu walitoa mali zao kwa ukarimu. Palikuwa na ushirikiano, na ushirikiano ni jambo jingine.

Akaeleza kwa ng'ombe. Mtu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote zizini kwake. Aliwasambaza kwa wasio nao. Jirani alipewa ng'ombe amchunge, na katika kumchunga alipata maziwa, watoto wake wakanywa. Lakini ng'ombe hakuwa wake. Alibaki wa mwenyewe. Mwenye mali amepunguziwa kazi, asiye na mali amepata maziwa, na kijijini kila mtu alikuwa na ng'ombe wa kulinda ingawa si kila mtu alikuwa na ng'ombe. Soma tena sentensi hiyo ya mwisho taratibu. Ndani yake mna tofauti kati ya kumiliki na kunufaika ambayo mwanauchumi angeandikia sura nzima, na mzee aliimaliza kwa mfano wa zizi. Zaidi ya hayo, alikuwa akiwarekebisha wanasiasa wa wakati wake bila kumtaja hata mmoja.

Mbuya huyo huyo alisema ni makosa kudhani kila kabila lina Mungu wake. Kama ingekuwa hivyo dunia ingevurugika, kila mmoja akivutia kwake. Mzee mwingine kitabuni, Njeru wa Kinyenje, alikwenda mbali kupita wote. Yeye hakuwa na haja na dini wala na uchawi. Vyote viwili aliviona havina ukweli ndani yake, na alichoomba ni kuachwa kwa amani. Jirani zake bila shaka walikuwa na lao la kusema. Lakini msomaji aliyezoea kuambiwa kwamba Mwafrika ana dini damuni, kwamba hakuna mkana Mungu chini ya mwembe, anashtuka kukutana na mzee wa kijijini mwenye msimamo ambao Hedenius wa Uppsala angeutia saini.

Miongoni mwa wazee hao Oruka alimweka pia baba yake mzazi, Oruka Rang'inya. Wapo watakaotabasamu. Profesa anatafuta wanafalsafa nchi nzima, na mmoja anamkuta nyumbani kwao! Hata hivyo, nani kati yetu hajawahi kushuku kwamba mtu mwenye akili kuliko wote tuliowahi kumjua hakumaliza shule?

Shambulio kali lilitoka Nigeria. Peter Bodunrin aliandika mwaka 1981 kwamba kuonyesha mzee ana uwezo wa kufalsafu ni jambo moja, na kuonyesha kwamba alikuwa akifalsafu kabla profesa hajaja na maswali yake ni jambo jingine. Kinachotoka kwenye mazungumzo hayo ni cha wawili. Hoja hiyo haijazeeka. Maswali yalitoka chuoni: Mungu, wakati, kifo, uhuru, usawa wa mwanamume na mwanamke. Huenda mzee kama angeachiwa achague mwenyewe angeongea juu ya mipaka ya mashamba, au mkwe asiyelipa mahari, na pengine hapo ndipo falsafa yake kali ilipokuwa. Kwa upande mwingine, mawazo gani hayajatoka kwa watu wawili? Hata hayo ya Sokrates tunayapata kwa kalamu ya Plato, na hatujui wapi mmoja anaishia na mwingine anaanzia.

Ingekuwa makosa kumfanya Oruka mtu wa wazee tu. Kabla kitabu cha wenye hekima hakijatoka, mwaka 1976 alichapisha kingine kuhusu adhabu na ugaidi barani Afrika, na hicho hakizungumzwi inavyostahili. Hoja yake ilikuwa kwamba uhalifu una vyanzo vyake katika jamii, na kwamba kumwadhibu mtu huku vyanzo hivyo vikiachwa ni kumtwisha mmoja dhambi ya wengi. Alitaka adhabu kama tunavyoijua iachwe, nguvu zielekezwe kwenye yale yanayozalisha mhalifu. Kisha akaonya kwamba vitisho havitoki kwa wahalifu peke yao. Dola nayo hutisha.

Ni msimamo unaopingika. Mama aliyeporwa mkoba Kariakoo au River Road hatakaa kusubiri vyanzo vya kijamii virekebishwe. Lakini fikiria ule ukelele mmoja unaojulikana kutoka Mombasa hadi Mwanza: "Mwizi! Mwizi!" Kufumba na kufumbua wamefika watu wenye mawe, na mwenye tairi hakosekani. Hakuna aliyeuliza aliiba nini wala kama ni yeye. Wanaopiga ni watu wema: fundi viatu, muuza matunda, mwanafunzi anayepita. Jioni watakula na watoto wao. Swali la Oruka linawahusu hao kuliko linavyomhusu mwizi: mnadhani mnatoa nini katika jamii kwa kumtoa huyu mmoja?

Kuuliza mambo ya vitisho vya dola hakukuwa mchezo katika Nairobi ya miaka ile. Mwaka 1982 wahadhiri kadhaa, akiwamo Willy Mutunga, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Jaji Mkuu, na Al-Amin Mazrui, walitiwa kizuizini. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti mwaka huo chuo kilifungwa kwa zaidi ya mwaka. Oruka aliendelea kufundisha na kuandika, na mwaka 1992, upepo wa vyama vingi ulipoanza kuvuma, alitoa kitabu cha mazungumzo na Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza wa rais aliyegeuka mpinzani. Alimhoji kama alivyowahoji wale wengine: si kama chifu wa upinzani, bali kama mzee mwenye mawazo.

Maadili ndiyo yaliyomshika zaidi katika miaka yake ya mwisho. Oruka aliuliza hivi: mtu anayekufa njaa ana haki gani, na anaidai kwa nani? Jibu lake lilikuwa kwamba kila binadamu ana haki ya kima cha chini: usalama wa mwili wake, afya, na riziki ya kumwezesha kuishi. Asipovipata hivyo hawezi kufanya kazi ya kuwa mtu mwenye maadili; huwezi kumdai mtu uaminifu huku unamnyima pumzi. Kwa hiyo haki hiyo haiishii kwenye serikali yake. Anaidai dunia nzima. Msaada wa nchi tajiri kwa maskini, kwa hesabu hiyo, hauwi sadaka ya kupigiwa makofi uwanja wa ndege. Ni deni.

Kulikuwa na Mmarekani, Garrett Hardin, aliyesema mwaka 1974 kwamba nchi tajiri ni kama mashua ya kuokolea watu baharini: ikipakia kila anayezama, itazama na wote. Oruka aliijibu mashua kwa familia. Chukua nyumba, alisema, yenye watoto sita. Wawili wametajirika, wanne ni maskini. Kila mmoja ana alichokipata kwa bahati na jasho lake, na ana haki nacho. Lakini wote wana wazazi wale wale na historia ile ile, na hakuna aliyefika alipo bila kubebwa na nyumba hiyo. Ndugu mmoja akianguka kabisa, deni la uzazi linatangulia haki ya mwenye nacho. Dunia ndiyo nyumba hiyo, na ardhi ndiyo mzazi, kwa hiyo anayeichafua anawaibia ndugu zake wote. Mwaka 1991 alikusanya wanafalsafa kutoka pembe nyingi za dunia Nairobi kuzungumza juu ya binadamu na mazingira, mapema kabla ya viongozi wa nchi kukutana Rio mwaka uliofuata.

Mfano wa Hardin unatoka kwa mtu anayewaza wageni waliokutana baharini. Wa Oruka unatoka kwa mtu ambaye amewahi kupigiwa simu usiku na binamu anayehitaji karo. Hapa ndipo utamaduni wa kila siku ulipoingia katika falsafa yake bila yeye kuupamba. Hakusema Waafrika ni wakarimu. Alisema familia ina kanuni, na kanuni hizo zinaweza kuhojiwa, kupimwa na kupelekwa mbali kuliko mipaka ya kijiji. Anayejua familia hizi kwa ndani ataongeza tu kwamba mtoto tajiri katika mfano huo naye ana kilio chake, na profesa hakukipa nafasi ya kutosha. Kulipa deni la uzazi kila mwisho wa mwezi kumewafanya wengi wasiweke hata matofali kumi ya kwao.

Sasa turudi mahakamani.

Mawakili wa ukoo, wakiongozwa na Richard Kwach, walijenga hoja juu ya tofauti ndogo ya maneno ambayo kwa Mjaluo ni kubwa. Nyumba ni kitu kimoja. Nyumbani ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na nyumba Nairobi, hata tano, lakini nyumbani kwa maana ya dala kuna utaratibu wake. Mwanamume akiwa tayari kuanzisha boma lake, hutoka boma la baba akiwa amebeba jogoo, mwanawe ana shoka, mkewe ana moto, na mzee wa ukoo anaonyesha mahali. S.M. alikuwa hajafanya hivyo. Kwa hiyo, kwa hesabu ya mila, wakili huyo mashuhuri, msomaji wa Shakespeare na mtazamaji wa tamthilia ya wakili Perry Mason kwenye televisheni, alikuwa bado kijana wa boma la baba yake, na huko ndiko alikopaswa kuzikwa.

Oruka alieleza mila hizo, na John Khaminwa, wakili wa mjane, akambana kwa maswali. Ukoo ulishinda Mahakama Kuu mwezi Februari, na tarehe 15 Mei 1987 Mahakama ya Rufani ikathibitisha: Mwafrika wa Kenya hawezi kuivua mila ya kabila la baba yake kama anavyovua koti. Tarehe 23 Mei S.M. alizikwa Nyalgunga. Wambui hakuhudhuria.

Ni vigumu kutosita hapa. Yule aliyeandika kwamba kabila halifikiri alisimama mbele ya jaji kueleza kabila linafikirije, na maelezo hayo yakasaidia kumnyang'anya mjane neno la mwisho juu ya mume wake. Wanaomtetea watasema shahidi mjuzi hujibu alichoulizwa, na hilo ni kweli. Watasema pia kwamba mila si ujinga kwa sababu tu ni mila, na kwamba kumfanya S.M. wa kisasa kwa kuwa alisoma Shakespeare ni kuchanganya usasa na Uzungu. Hilo nalo ni kweli. Mwaka 1989 Oruka mwenyewe aliandika juu ya kesi hiyo, juu ya mila, mizimu na Ukristo katika Kenya inayobadilika. Lakini mtu akishasoma mahojiano ya Mbuya na Njeru, anabaki na kiu. Angetamani jaji amgeukie profesa, aweke kalamu chini, na kumuuliza swali la profesa mwenyewe: haya ya Wajaluo tumeyasikia. Wewe mwenyewe unaonaje?

Odera Oruka alifariki katika ajali ya barabarani jijini Nairobi tarehe 9 Desemba 1995, akiwa na miaka 51. Kitabu chake cha falsafa ya vitendo, kinachotafuta kima cha chini cha maadili, kilitoka mwaka 1997 bila yeye kukiona.

Mbegu yake iliota hata Pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanaanthropolojia Mjerumani, Kai Kresse, alikaa Mji wa Kale wa Mombasa akisikiliza barazani, na kazi ya Oruka ilikuwa mojawapo ya taa zake. Kitabu alichotoa mwaka 2007 kinawachukua Waswahili watatu kwa majina yao, si "Waswahili" kwa jumla: Ahmad Nassir, aliyetunga utenzi mrefu kuhusu utu, Ahmed Sheikh Nabhany, mlinzi wa lugha anayetajwa kuwa ndiye aliyetupatia neno runinga, na Sheikh Abdilahi Nassir, ambaye mihadhara yake ya Ramadhani ilizua mabishano yaliyoendelea mitaani baada ya futari. Watatu hao walitofautiana kwa mengi. Mmoja alitafuta maadili katika ushairi, wa pili alihofia lugha isipotee, wa tatu alitaka waumini wahoji. Ndivyo Oruka angetaka wahesabiwe, mmoja mmoja.

Wazee wake wengi hawakungoja kitabu. Baba yake alifariki mwaka 1979, Paul Mbuya mwaka 1981; maneno yao yalichapishwa mwaka 1990. Yasingenaswa wakati ule, hadithi ya ng'ombe wanaochungwa na wasio wenye ng'ombe isingefika hapa.

Desemba ikija, mabasi ya kwenda bara yatajaa kama kawaida, Wachaga wakipanda Moshi, Wakenya wakielekea ushago. Ukifika ukamkuta bibi au babu yuko barazani, mwombe ruhusa uwashe simu irekodi. Akianza na desturi za ukoo, msikilize mpaka amalize. Kisha muulize yeye anaonaje.